Kabla ya kutafuna mukombero, nenda ukapimwe

Msafiri anayeshuka katika kituo cha magari mjini Kakamega wakati wa magharibi hatakosa kumwona muuzaji wa mukombero. Yuko pale na sinia lake, mizizi imefungwa matita madogo madogo, na kando yake njugu karanga zimetiwa katika vikaratasi. Hana haja ya kupiga kelele. Huinua tita moja, akatabasamu, akamwambia mpita njia maneno mawili matatu ambayo nikiyaandika hapa mhariri atayafuta. Mpita njia hucheka, akatia mkono mfukoni, akanunua na kwenda zake. Wote wawili hujifanya kwamba huo ni mzaha.

Mimi nami nimenunua, tena mara nyingi. Mzizi huo, ambao wataalamu huuita Mondia whytei, una harufu nzuri kama ya vanila na ladha ambayo aliyelelewa magharibi mwa Kenya haisahau hata akiishi ughaibuni. Huamsha hamu ya chakula, huburudisha kinywa, na wazee wetu waliutafuna wakiwa barazani bila ya kuona haya. Sina ugomvi na mmea huu. Huzuni yangu juu yake ni kwamba umechimbwa ovyo katika Msitu wa Kakamega, maana mchimbaji akishaung'oa mzizi, mmea wenyewe huwa umekwisha. Ugomvi wangu ni na kazi tuliyoutwisha. Tumeufanya uwe daktari wa wanaume.

Nina rafiki yangu mmoja, mwalimu aliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja jina wala kijiji. Alipofikisha umri wa miaka 54, alianza kupungukiwa na kile ambacho watu wetu hukiita nguvu za kiume. Hakumwambia mtu. Alianza na mukombero, akazidisha. Baadaye alinunua unga kwa mtu ambaye tangazo lake lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye mlingoti wa stima, na baada ya unga akanunua vidonge visivyokuwa na jina, vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Vidonge vilifanya kazi kwa muda, na hiyo ndiyo iliyokuwa hasara yake kubwa, kwa kuwa aliamini amepona. Mkewe, aliyeona mume amekuwa mtu wa kulala mapema na kuamka na hasira, alishuku kwamba kuna mwanamke mwingine. Mume naye alishuku kwamba kuna jirani aliyemroga. Walikaa hivyo karibu miaka mitatu, katika nyumba moja, kila mmoja akiwa na mashtaka yake moyoni.

Kisha asubuhi moja, akipalilia mahindi, kifua kilimbana kana kwamba amekaliwa na ng'ombe, jasho likamtoka, akaanguka. Hospitalini ilionekana kwamba presha yake ilikuwa juu sana na sukari imezidi, na kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo damu ulikuwa umeziba. Alinusurika, lakini sehemu ya moyo wake ilikufa siku hiyo na haitafufuka. Daktari alimwuliza maswali mengi, na miongoni mwao hilo moja: mambo ya nyumbani yakoje, na tangu lini? Mwalimu aliponisimulia alisema, "Hilo swali, kama mtu angaliniuliza miaka mitatu kabla, ningalimjibu. Hakuna aliyeniuliza."

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba mambo ya chumbani hayafai kuanikwa gazetini. Nawaheshimu, na mimi pia nililelewa hivyo. Lakini mambo haya tayari yameanikwa: yako kwenye milingoti ya stima, yako kwenye masinia ya wauza njugu, na yako vinywani mwa wachekeshaji wanaotuambia kila uchao habari za jogoo aliyeshindwa kupanda mtungi. Kitu ambacho hakijaanikwa ni ukweli wake, kwamba kwa wanaume wengi wa makamo, tatizo hili ni habari inayotoka kwenye mishipa ya damu. Anayeinyamazisha habari hiyo kwa mzizi au kwa kidonge cha siri anaweza kuwa anamfukuza tarishi kabla hajasema alichotumwa.

Hebu tulitazame jambo lenyewe kama lilivyo, na msomaji mwenye haya aniwie radhi. Uume hausimami kwa mfupa, wala kwa nguvu za misuli kama mkono uinuavyo jembe. Husimama kwa damu. Neva hupeleka amri, ndipo neva hizo pamoja na utando mwembamba uliotandazwa ndani ya mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, mishipa hulegea na kupanuka, damu hujaa, na ikishajaa huzuiwa isirudi upesi. Utando ule ukiharibika, amri hufika lakini mlango haufunguki. Kazi ya gesi hiyo katika mishipa na moyo ndiyo iliyowapatia Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Mwezi Machi mwaka huohuo Marekani iliidhinisha kidonge cha Viagra. Wengi wanaokitumia hawajui kwamba wataalamu wa kampuni ya Pfizer huko Uingereza walikuwa wakikijaribu kwanza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Walikitafuta kwa ajili ya moyo, faida yake ikaonekana kitandani. Hilo si ajabu hata kidogo, kwa sababu mabomba ni yale yale, ila ukubwa ndio unaotofautiana.

Naam, ukubwa. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 au 2 hivi. Mishipa inayoulisha moyo ina milimita 3 au 4. Mkulima yeyote aliyewahi kuvuta maji shambani kwa mipira ya ukubwa mbalimbali anajua ni mpira upi huanza kuziba tope linapoingia. Mwaka 2003 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa 300 waliofika hospitalini kwa maumivu makali ya kifua na kuonekana kuwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Karibu nusu yao walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume. Miongoni mwa hao wenye maradhi yote mawili, thuluthi mbili walisema lile la chumbani ndilo lililotangulia, kwa wastani wa zaidi ya miaka 3. Mwalimu wangu hakuwa mmoja wao, lakini hesabu yake inalingana na yao kana kwamba walikaa benchi moja.

Ni kitu gani basi kinachouharibu utando ule? Sukari iliyozidi katika damu, presha ya juu, moshi wa sigara, mafuta yaliyozidi na kitambi. Tena vitu hivyo vyote hukutana katika jambo moja ambalo madaktari huliita inflamesheni. Sura yake ya nje tunaijua sote: mwiba ukikuchoma kidoleni, kidole huvimba, hupata joto, hugeuka chekundu na kuuma. Hao ni askari wa mwili wanaopigana na adui, na vita vikiisha hurudi kambini. Ubaya hutokea pale askari hao wanapokosa kurudi. Vita vidogo huendelea ndani ya mishipa kwa miaka na miaka, bila maumivu, bila homa, na mwenye mwili hajui lolote. Mafuta ya kitambi si mzigo uliolala tu kiunoni kama wengi wanavyodhani, bali hutoa kemikali zinazochochea vita hivyo, na ini likipata habari hiyo humwaga katika damu protini iitwayo CRP. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba wanaume walioonekana wazima kabisa, lakini CRP yao ikawa juu kidogo, ndio walioelekea zaidi kupatwa na mshtuko wa moyo miaka iliyofuata.

Mwaka 2006 watafiti wa Athens, Ugiriki, waliipima damu ya wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume. Walikuta alama hizo za inflamesheni zimepanda, na zilikuwa zimepanda hata kwa wale ambao mishipa yao ya moyo haikuwa imeonyesha ugonjwa wowote. Yaani moshi ulikuwa umeshafuka kabla nyumba haijaonekana kuwaka.

Lakini kwa maoni yangu utafiti ulio na manufaa zaidi kwetu ni ule uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Naples, Italia. Wanaume 110 wanene, wenye umri wa kati ya miaka 35 na 55, wote wakiwa na tatizo hili, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifunzwa kwa kina jinsi ya kula na kutembea ili kupunguza uzito, na la pili lilipewa maelezo ya jumla tu, yale ambayo sote hupewa tukapuuza. Baada ya miaka 2, wanaume 17 kati ya 55 wa kundi la kwanza walikuwa wamerejea katika hali ya kawaida. Katika kundi la pili walikuwa 3. CRP katika damu ya wale waliopungua uzito ilikuwa imeshuka pia, na kushuka kwake kuliandamana na kurudi kwa nguvu. Hawakupewa mzizi wala kidonge. Sisemi kila mtu atapona kwa kutembea, kwani watu 38 katika kundi lile la kwanza hawakurejea katika hali ya kawaida. Nasema tu kwamba sijaona muuza unga wa mlingotini aliyewahi kuhesabu wateja wake kwa uaminifu kama huo.

Hapa kuna hatari nyingine ninayoiona ikija. Siku hizi yeyote asomaye habari kama hizi hukimbilia kudai, "Basi tupimwe hiyo CRP." Tusikimbie. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haituachi mwaka mzima. CRP hupanda mtu akiwa na malaria, akiwa na kifua kikuu, akiwa na kidonda mguuni, na hata ufizi wake ukiwa unaoza. Kile kipimo cha zamani cha mrija wa kioo, ambacho katika hospitali zetu hujulikana kwa herufi ESR, nacho ni hivyo hivyo, na mtu akipungukiwa damu tu hupanda. Vipimo hivi huonyesha kwamba kuna moshi, wala havisemi unafuka katika chumba kipi. Mtafiti wa Athens au wa Boston anayewachunguza watu wasio na homa anaweza kuusoma moshi huo kwa utulivu. Tabibu wa zahanati ya Malava akimpima mgonjwa wa kwanza asubuhi, yamkini atakuwa anasoma malaria ya juzi. Naogopa siku ambayo matangazo ya milingotini yatabadilika, badala ya unga yawe yanauza "kipimo cha kisasa cha damu" kwa shilingi elfu kadhaa, na mwanamume wetu mwenye aibu arudi nyumbani na karatasi yenye tarakimu asizozielewa wala hana wa kumweleza.

Vipimo vya kuanza navyo ni vya bei ya chini kabisa. Ukanda wa presha mkononi. Tone la damu ya kidole kwa ajili ya sukari. Utepe wa fundi cherehani kiunoni. Na swali moja, lile la mwalimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, ilhali zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Waliokuwa hawajapimwa sukari walikaribia 9 katika kila 10. Katika nchi kama hiyo, kwa wanaume wengi ishara ya kwanza ya kisukari au presha huweza kuwa ni hiyo hiyo wanayoificha kwa matita ya mukombero.

Ni haki kusema kwamba si kila tatizo la aina hii linatoka kwenye mishipa. Wasiwasi huleta, huzuni huleta, na pombe huleta, hasa chang'aa, ambayo mnywaji huinywa akidhani inamtia ujasiri. Kijana wa miaka 23 aliyeshindwa usiku mmoja hana haja ya kukimbilia daktari wa moyo. Zipo pia dawa zinazoleta tatizo hili, na miongoni mwake ni baadhi ya dawa za presha zenyewe. Hili nalitaja kwa sababu linaua watu kimya kimya. Mgonjwa hupewa vidonge vya presha, huona mambo ya nyumbani yamelegea, hamwambii tabibu, bali huviacha vidonge kabatini na kusema amepona. Miezi michache baadaye tunachangishana kwa sababu ya kiharusi. Kumbe dawa za presha ni nyingi, na tabibu akijua angeweza kumbadilishia.

Vile vidonge vya siri navyo vina hatari yake. Katika nchi nyingi mamlaka za dawa zimepima bidhaa ziitwazo za miti shamba na kukuta ndani yake sildenafil, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika Viagra, imetiwa bila kutajwa. Mtu akiwa na ugonjwa wa moyo, akapewa hospitalini dawa ya naitreti ya kuwekwa chini ya ulimi kifua kinapombana, hali ameshameza unga wa aina hiyo usiku uliopita, presha yake inaweza kuporomoka na akafa. Daktari atamwuliza ametumia dawa gani. Atajibu, "Mzizi tu."

Sasa niwageukie wakubwa wa afya wa kaunti yetu, maana lawama zote haziwezi kumwangukia mwanamume mwenye haya. Kakamega ilijipatia sifa nzuri kwa mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanzishwa mwaka 2013, ambao uliwapa akina mama fukara fedha kidogo ili wahudhurie kliniki na kujifungua hospitalini. Niliusifu wakati huo na ningali nausifu. Lakini itazame zahanati yoyote ya mashambani siku ya kliniki: viti ni vya mama, picha ukutani ni za mama na mtoto, na baba, ikiwa amekuja, yuko nje chini ya mti, ameegemea pikipiki. Hakuna anayemwita. Atakapoitwa, atakuwa amebebwa.

Mwezi Septemba 2023 serikali ya kitaifa iliwazindua wahamasishaji wa afya wa jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine za presha na za kupimia sukari. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo tuseme kweli: mhamasishaji anayebisha hodi kwangu aghalabu ni mwanamke wa kijiji changu. Huenda ni shemeji yangu. Huenda, kwa mila zetu, ni mkwe ambaye hata kupeana naye mkono siruhusiwi. Je, nitamwambia huyo kwamba mambo yangu ya usiku yameharibika? Nitanyoosha mkono anipime presha, nikiwa na bahati, na lililobaki nitalimeza. Wahamasishaji wanaume wapo, waongezwe, na wale waliopo wafundishwe kuuliza swali hilo bila kucheka. Na katika kliniki za kisukari na presha, kuanzia hospitali kuu ya rufaa ya hapa Kakamega hadi vituo vidogo vya Butere na Shinyalu, swali hilo liandikwe katika kadi ya mgonjwa pamoja na uzito na presha, ili kuulizwa kwake kusitegemee ujasiri wa mtu.

Tena wanaume wafuatwe waliko. Wako kwenye vituo vya bodaboda, ambako kijana hukaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku, akila mandazi na soda, na akitaka kwenda hatua mia mbili huiwasha. Wako Khayega na Malinya asubuhi za kupigana mafahali, mamia kwa mamia, isukuti zikilia, kila mmoja akizisifu nguvu za fahali wa upande wake. Meza moja, mashine moja ya presha na mhudumu mwanamume mwenye ulimi wa kujua kunena na wazee vingepata wateja wengi kabla ya fahali wa kwanza kutimua mbio. Gharama yake haifiki ile ya semina moja ya maofisa huko Kisumu.

Mwalimu rafiki yangu siku hizi hutembea kila asubuhi, polepole, kama daktari wake alivyomwagiza. Yeye na mkewe wamesameheana yale mashtaka, ingawa anasema ilichukua muda kuliko kupona kifua. Mukombero bado anautafuna, kwa ajili ya utamu wake. Wiki iliyopita alimkuta mpwa wake, mwanamume wa miaka 41 mwenye kitambi na duka linalomwendea vizuri, akiulizia bei ya unga kwa yule muuzaji wa zamani. Hakumkemea. Alimshika mkono, wakavuka barabara pamoja hadi kituo cha afya, na akaketi naye kwenye benchi la akina mama mpaka zamu yao ilipofika. Presha ya mpwa ilikuwa 168 kwa 104.